CBT si kujilazimisha kuwaza mazuri: uzi kwa wenye hofu, sonona na wanaokesha

Msemapole (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu nimeuahirisha miezi kadhaa, na huko mbele mtaona kwamba kuahirisha kwenyewe ni sehemu ya mada.

Ukitaja tiba ya fikra na tabia, hii wanayoifupisha CBT, hakosekani wa kudakia: "Si ile ya kuambiwa uwaze mazuri?" Hata mimi nilijua hivyo. Nilifika kwa mwanasaikolojia baada ya mwaka mzima wa mashambulio ya hofu. Moyo unapiga kama ngoma, vidole vinakufa ganzi, pumzi haishuki, na kichwani imebaki sentensi moja tu: nakufa. Vipimo vya moyo nilifanya mara nne, vyote safi. Nilikwenda nikitaraji kubembelezwa. Kikao cha tatu yule mama akaniambia nisimame, nipumue harakaharaka kwa makusudi dakika nzima, naye akasimama akaanza kupumua pamoja nami. Nikajisemea, leo nimeangukia kwa mgonjwa mwenzangu.

Nitarudi hapo. Kwanza tujue kitu hiki kimetoka wapi.

Mto huu una vijito viwili. Cha kwanza ni cha watu wa tabia. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walimfundisha mtoto mchanga kuogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo panya alipotokea (jaribio ambalo leo lisingepita kamati yoyote ya maadili). Mwaka 1924 Mary Cover Jones akaonyesha kinyume chake. Alikuwa na mtoto aliyemwita Peter, mwoga wa sungura. Sungura akawa analetwa karibu kidogokidogo wakati mtoto anakula chakula anachokipenda, hadi ikafika siku Peter akamshika mwenyewe. Kwa maoni yangu huyu mama hatajwi inavyostahili. Baadaye Joseph Wolpe, daktari kutoka Afrika Kusini, akaugeuza mtindo wa namna hiyo kuwa tiba kamili yenye ngazi za hofu, aliyoieleza kwa kirefu mwaka 1958.

Katikati yao yuko Mowrer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeeleza jambo ambalo ukilishika umeshika nusu ya CBT. Hofu ina mlango wa kuingilia na ina kitu kingine kinachoilisha ikishaingia. Inaingia pale kitu kinapoambatana na maumivu au mshtuko. Inalishwa na kukwepa. Kila ukikwepa unapata nafuu, na ile nafuu ndiyo mshahara wako, kwa hiyo kesho unakwepa tena. Hujawahi kukaa muda wa kutosha ukaona kwamba lile unaloliogopa halitokei.

Kijito cha pili ni cha Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia. Alifunzwa katika mkondo wa Freud, ambako sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ilielezwa kuwa ni hasira uliyoimeza ikakugeukia mwenyewe. Akaenda kuitafuta hasira hiyo katika ndoto za wagonjwa. Alichokuta ni kushindwa, kupoteza na kuachwa. Ndipo akaanza kusikiliza kinachopita vichwani mwao wakiwa macho, akakuta sentensi fupifupi ambazo mgonjwa hata hazitilii maanani: "nimemchosha", "sitaweza", "mimi ndivyo nilivyo". Fikra zinazojitokeza zenyewe, bila kuitwa. Kwenye sonona zilizunguka mambo matatu: mimi sifai, dunia hainitaki, mbele hakuna kitu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wakatoa dodoso lenye vipengele 21 la kupima ukali wa sonona, na toleo lake lililoboreshwa bado linatumika.

Albert Ellis, huko New York, alikuwa ameanza njia inayofanana tangu 1955. Tofauti yao ilikuwa ya tabia zaidi: Ellis anabishana na mgonjwa, Beck anamuuliza maswali. Na wote wawili walijua kwamba Epictetus, mtumwa aliyekuja kuwa mwanafalsafa, alishasema zamani sana kuwa kinachomsumbua mtu ni vile anavyolichukulia jambo kuliko jambo lenyewe.

Sasa kazi inavyofanyika. Bosi amekuandikia: "Kesho asubuhi pitia ofisini kwangu." Basi, hakuna zaidi. Mmoja anawaza "nafukuzwa", analala macho. Mwingine anawaza "ameona ile ripoti, ananipa kazi kubwa", analala usingizi. Wa tatu anakasirika: "Amezidi kunionea." Ujumbe ni uleule. Chini ya "nafukuzwa" kuna kanuni ambayo mtu hajawahi kuitamka, mfano "nikikosea hata mara moja wataniona mjinga", na chini ya kanuni kuna imani ya msingi aliyokua nayo tangu utotoni: "sitoshi".

Mtu wa kuwaza mazuri atakwambia ujisemee "nitapandishwa cheo". Huo ni uongo mwingine tu. Mtaalamu wa CBT atakuuliza: una ushahidi gani kwamba unafukuzwa? Na upi unaopinga? Mara ngapi umeitwa hivyo, na iliishaje? Ikiwa kweli, utafanya nini siku ya kwanza? Kisha unaandika kwa asilimia unavyoamini. Tuseme 90. Ukitoka ofisini unaandika kilichotokea. Ukishafanya hivyo mara kumi, unakuwa na daftari linaloonyesha utabiri wako una thamani gani. Langu lilikuwa na utabiri 23 wa kifo.

Turudi kwenye ile dakika ya kupumua. David Clark, mwanasaikolojia wa Uingereza, alieleza mwaka 1986 kuwa shambulio la hofu ni duara: mwili unafanya jambo la kawaida, unalitafsiri kama balaa, tafsiri inaleta woga, woga unazidisha dalili, dalili zinathibitisha tafsiri. Nilipopumua haraka kwa sekunde arobaini tu, vidole vikafa ganzi, kichwa kikawa chepesi, dunia ikawa mbali. Dalili zangu zote, zimekuja kwa kuitwa. Ukipumua kupita mahitaji ya mwili, hewa ya ukaa kwenye damu inashuka, na ganzi na kizunguzungu hufuata. Yule mama akauliza, "Ni zilezile?" Nikamwambia ni zilezile. "Umekufa?" Sikujibu, nilicheka, halafu nikalia.

(Msijaribu hili nyumbani kabla ya kupimwa. Mwenye tatizo la moyo, pumu, kifafa, au mjamzito, aongee kwanza na daktari.)

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni.

Kifaurongo

Mkuu shusha nondo, nimeweka kambi hapa.

Jiwe la Pembeni

Mleta uzi, umeandika vizuri lakini nina ubishi. Mifano ya namna hii siku zote ni ya watu wanaoogopa kisichokuwepo. Mimi nimefukuzwa kazi kweli. Madeni ni ya kweli. Mke amerudi kwao kweli. Hapo utaniuliza "ushahidi uko wapi"? Ushahidi uko mezani, una mihuri. Naona kama ni tiba ya kumfanya mtu aone shida zake ni kosa la kichwa chake.

Msemapole

Kaka, pole. Na hoja yako nzito kuliko unavyodhani, maana kuna watoa tiba wanaokosea hapohapo.

Fikra ikiwa ya kweli, haipandishwi kizimbani. "Nina deni" ni taarifa. Hapo kazi inahamia kwenye kutatua tatizo: liandike kwa maneno yanayopimika, orodhesha njia zote hata za kijinga, chagua moja, igawe mpaka ipatikane hatua ya kesho asubuhi, kisha urudi kuangalia imefikia wapi. Zimbabwe wana mpango unaotumia hasa hilo. Daktari Dixon Chibanda aliwafunza wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao mabibi, wakakaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawakuanza na neno "sonona". Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanyika katika zahanati 24 za Harare, ulikuta waliokaa kwenye benchi wana dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Wale watu shida zao zilikuwa za kweli kabisa.

Lakini niruhusu nikuulize. "Nimefukuzwa kazi" ni ukweli. Kuna sentensi inayofuata baada ya hiyo, kichwani?

Jiwe la Pembeni

"Na hakuna atakayeniajiri tena."

Sawa. Nimekuona ulikonipeleka. Bado nabisha lakini nimekuona.

Nuru Asubuhi

Mimi ni mshauri nasaha, naomba niongeze kwenye sonona, maana mleta uzi kaegemea hofu.

Mgonjwa wa sonona ukianza naye na madaftari ya fikra, mara nyingi unampa silaha. Anaandika "mimi ni mzigo", unamuuliza ushahidi, anakuletea kurasa tatu. Akili yake wakati huo ina kumbukumbu nzuri ya mabaya tu. Kwa hiyo mimi huanza na ratiba. Wiki ya kwanza anaandika tu anachofanya kila saa, na mbele yake namba mbili kutoka 0 hadi 10: kimempa raha kiasi gani, na kimempa hisia ya kuweza kiasi gani. Wiki ya pili tunapanda vitu vidogo kwenye ratiba. Kuoga kabla ya saa tatu. Kutembea dakika kumi. Kumpigia mtu mmoja. Kanuni ni kwamba hafanyi anapojisikia, anafanya saa ikifika.

Watu wanadhani hamu hutangulia kitendo. Kwenye sonona hamu haiji, ukiisubiri unasubiri kitandani, na kule kitandani hakuna kinachoweza kukupa raha, basi hamu inazidi kuzama. Ni lile duara la kukwepa, limevaa nguo nyingine.

Neil Jacobson na wenzake walilijaribu hili mwaka 1996. Waliwagawa wagonjwa makundi matatu: wengine wakapata sehemu ya vitendo peke yake, wengine vitendo pamoja na kazi ya fikra za juujuu, wengine tiba nzima hadi imani za msingi. Mwisho wa tiba, na hata miezi sita baadaye, makundi hayakutofautiana. Wenye mapenzi na nadharia ya Beck haikuwafurahisha. Mimi binafsi ilinipunguzia mzigo, maana wateja wangu wengi hawapendi kuandika.

Msemapole

Dada Nuru, asante. Utafiti huo ndio ulionifanya niache kusema "badili fikra, hisia zitafuata". Siku hizi nasema kitendo ndicho shahidi mzuri kuliko wote. Ningeweza kubishana na "nitazimia nikiwa kwenye lifti" mwaka mzima. Lifti ilimaliza ubishi kwa wiki mbili.

Na hapo kuna mtego niliouingia. Nilipanda lifti nikiwa nimeshika chupa ya maji, simu mkononi, mgongo ukutani, nikihesabu ghorofa. Hofu haikupungua. Yule mama akaniuliza nadhani nini kimenifanya nisizimie. Nikajibu bila kufikiri: "Maji." Kumbe akili yangu ilikuwa imejifunza kwamba chupa inaokoa maisha. Vitu hivi wataalamu huviita tabia za kujilinda, na Paul Salkovskis ameviandikia sana. Kila mwenye hofu ana vyake. Mwoga wa kuongea mbele za watu hukariri neno kwa neno. Mwenye aibu hutazama chini, kisha watu wakimwona baridi anasema "si nilijua hawanipendi". Nilipoacha chupa ndipo kazi ilipoanza.

Mlango Mara Tatu

Wakuu, jina langu linajieleza. Nafunga mlango, narudi kuangalia, naondoka, narudi. Jiko vilevile. Asubuhi inanila saa nzima. Nimesoma hapa kuhusu kuuliza ushahidi, nimejaribu: "ushahidi gani mlango uko wazi?" Sasa nimekuwa nabishana na mlango pia, imeongezeka dakika kumi.

Nuru Asubuhi

Pole ndugu yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujaendelea. Kwa tatizo lako maswali ya ushahidi yanaweza kugeuka kuwa ukaguzi mwingine. Unajikagua kwa maneno badala ya kwa mkono.

Njia inayotumika ni kukabili bila kufanya kile kitendo cha kujituliza. Victor Meyer aliandika juu ya wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1966, na mpaka leo ndio msingi wa tiba ya tatizo hili. Unafunga mara moja, unaondoka, wasiwasi unapanda, na wewe hurudi. Hujiambii "umefungwa". Unajiambia "labda umefungwa, labda haujafungwa, naenda kazini". Unaanza na kitu chepesi kwenye ngazi yako, pengine taa ya chumbani, mlango unaufikia baadaye. Na usimwombe mtu wa nyumbani akuhakikishie, huko nako ni kurudi mlangoni. Ukipata mtu aliyefunzwa hili hasa, mtafute. Si kila mshauri amelisomea.

Kifaurongo

Kwa hiyo nisilifikirie kabisa wazo baya?

Msemapole

Hapana mkuu, hilo nalo halifanyi kazi. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Walimfikiria, na waliporuhusiwa kumfikiria wakamfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Jaribu dakika moja uone. Wazo liache lipite, ila usilifanyie kazi. Vizazi vya baadaye vya tiba hii, kama ile ya Steven Hayes ya kukubali na kujifunga kutenda, na ile ya Segal, Williams na Teasdale inayochanganya utulivu wa kuangalia pumzi, vimejengwa juu ya hilo: kulitazama wazo kama wazo, bila kuligombeza.

Popo wa Usiku

Jamani na wasiolala? Nina miaka minne. Naingia kitandani saa tatu usiku ili nipate muda wa kutosha, nalala kama saa nane usiku, naamka saa moja asubuhi. Nimeshajaribu kila chai.

Nuru Asubuhi

Popo, una saa kumi kitandani na saa tano za usingizi. Kitanda chako kimejifunza kuwa ni mahali pa kukesha. CBT ya usingizi ni tawi lake lenyewe, na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Ndani cha Marekani mwaka 2016 kilipendekeza ianze hiyo kabla ya dawa kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi. Vipande viwili ndivyo vyenye nguvu.

Kwanza, kitanda ni cha kulala (na tendo la ndoa). Ukiona umekaa macho kama dakika ishirini, bila kutazama saa, amka, toka, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Hata kama ni mara tano. Richard Bootzin alianza kulieleza mwaka 1972.

Pili, na hiki watu hukichukia, punguza muda wa kitandani ulingane na usingizi unaoupata. Wewe unapata saa tano, basi tuseme unapewa saa tano na nusu: unaingia saa saba na nusu usiku, unaamka saa moja asubuhi, kila siku, hata siku ya mapumziko, bila kulala mchana. Ukifika mahali unalala zaidi ya asilimia 85 ya muda huo kwa wiki, unaongeza robo saa. Siku za mwanzo utasinzia mchana, kwa hiyo usiendeshe gari wala mashine ukiwa hivyo. Na mwenye kifafa au ugonjwa wa hisia unaopanda na kushuka asifanye peke yake, kukosa usingizi kunaweza kumletea balaa.

Popo wa Usiku

Yaani dawa ya kukosa usingizi ni kunyimwa usingizi. Haya.

Jiwe la Pembeni

Nimerudi. Swali la mwisho kabla sijanyamaza: inaponya wote?

Msemapole

Haiponyi wote, na anayekwambia hivyo anauza kitu. Uingereza ilianza kuitoa kwa wingi kwenye mfumo wa umma mwaka 2008, na lengo walilojiwekea lilikuwa nusu ya wanaomaliza tiba wapone. Nusu. Kwenye sonona, tiba nyingine za mazungumzo zikilinganishwa nayo hukaribiana sana. Inapong'ara zaidi ni kwenye hofu. Jambo moja linalonipa imani ni kwamba wagonjwa wa sonona waliopona kwayo hurudiwa kidogo kuliko waliopona kwa dawa kisha wakaziacha. Lakini mtu asiache dawa zake kwa sababu ya uzi wangu, tafadhali. Wengi hutumia vyote viwili.

Inachosha pia. Vikao kumi na viwili, kumi na sita, ishirini, na kila kimoja na kazi ya nyumbani. Asiyefanya kazi ya nyumbani anapata mazungumzo mazuri ya wiki mara moja na mengi zaidi ya hapo hapati. Na mwenye mawazo ya kujiua asianze na madaftari wala uzi. Amwambie mtu leo, aende hospitali.

Wewe je, ile sentensi ya "hakuna atakayeniajiri" umeifanyia nini?

Jiwe la Pembeni

Niliandika 95. Nimetuma maombi sita. Wawili wamenikataa, mmoja kaniita, watatu kimya. Nimeshusha hadi 70. Usinipongeze.

Popo wa Usiku

MREJESHO. Wiki ya kwanza nilitaka kuwatukana wote humu, hasa dada Nuru. Siku ya nne nilisinzia nikiwa nimesimama. Wiki ya pili nikaanza kuanguka kitandani kama gogo. Daftari la wiki hii: saa tano na nusu kitandani, wastani wa kulala saa nne na dakika hamsini na tano. Nimepiga hesabu, 89. Naomba niongeze saa moja, nimechoka.

Nuru Asubuhi

Hongera Popo, ila saa moja hapana. Robo saa. Ingia saa saba na robo, kuamka palepale, tuonane wiki ijayo.

Popo wa Usiku

Robo saa dada? Hata nusu?

Nuru Asubuhi

Robo.